Klachi ya Marehemu

Mwenyewe hapendi kuyasimulia. Rafiki yangu Ignatius, fundi matrekta huku Kilwa, aliitwa na Mwanahija, mjane aliyekuwa edani. Waliongea kupitia dirisha: trekta la marehemu mumewe, ukikanyaga klachi bado linatambaa, na mvua zimekaribia.

Ignatius akalala chini ya trekta, kwenye giza la banda, injini imezimwa. Kwa mazoea ya kuwa na msaidizi kitini, akaita, "Kanyaga!"

Fimbo ya klachi ikalia kwii, ikasogea, ikaishia nusu.

"Mama, mwambie huyo akanyage mpaka mwisho!"

"Nani, fundi?" mjane akajibu dirishani. "Nipo peke yangu."

Ignatius akanong'ona, "Achia."

Haikuachia. Akatoka, akaivuta pedali kwa mikono miwili, ikagoma.

Shamba halikulimwa. Pedali ingali chini nusu, na ukiigusa ina joto, kama kandambili iliyovuliwa sasa hivi.