Nakuhisi Mbali Nami

"Mwaka mzima, Nsimire? Kwa ajili ya lugha ambayo hata wenyewe wameitupa?"

"Hawajaitupa wote. Waliobaki nayo ndio ninaowafuata."

Rénovat alizima gari nje ya stesheni ya treni ya Seven Hills, huko ughaibuni walikohamia na familia zao. Alikuwa ametoka shifti ya ghalani, mwili umechoka, na habari hiyo ilimkuta vibaya. Mpenzi wake alikuwa anasoma lugha za Kiselti chuo kikuu, zile za kale za Ayalandi, Uskoti na Welisi. Siku zote yeye alimtania tu. Sasa chuo kilikuwa kinampeleka Ayalandi.

"Mama ameshaongea na wajomba," Rénovat alisema. "Mwezi wa tisa tunaleta posa."

"Mimi nimeulizwa lini?"

"Si tunapendana?"

"Tunapendana. Lakini mdogo wangu Kelly hajui Mashi, lugha yetu ya nyumbani, hata salamu. Bibi akipiga simu kutoka Bukavu wanatazamana tu. Kule Ayalandi kuna watoto wamerudishiwa lugha ya bibi zao. Nataka nikaone wamefanyaje."

"Basi nenda. Ila ukienda, usinitafute."

Nsimire alifungua mlango, akashuka.

Kweli hakumtafuta. Wiki zikapita. Rénovat alijikaza kiume, lakini kila simu ikilia ghalani aliiwahi mbio. Jumapili alikuwa anakwenda Auburn, mtaa wa kina Nsimire, ananunua mkate ambao hakuna aliyemtuma, apate tu sababu ya kupita pale. Aliandika "Umeamkaje?" akafuta. Aliandika "Nimekosa," akafuta. Nyumbani Macquarie Fields, mama yake akimtajia binti mwingine wa kanisani, aliacha chakula na kutoka nje.

Ndipo ukaingia ujumbe wa Kelly, kwa Kiswahili chake cha kuungaunga:

"Dada ataenda leo mchana. Yeye iko nalia sana. Usiseme ni mimi."

Aliomba ruhusa kazini, akaendesha moja kwa moja mpaka uwanja wa ndege. Aliwakuta Nsimire na mama yake karibu na mlango wa wasafiri.

"Ulisema nisikutafute," Nsimire alisema, macho mekundu.

"Nilikukataza wewe. Mimi sikusema sitakutafuta."

Hakucheka.

"Umekuja kunizuia?"

"Hapana. Nimekuja kukuambia nilikosa. Posa nimemwambia mama aiache mpaka useme wewe mwenyewe. Amekasirika, lakini amesikia."

"Na huko nikichelewa?"

"Nitaumia. Lakini utanikuta."

Nsimire alimshika koti la kazi kwa mikono miwili, akamwegemea kifuani. Wakakaa hivyo, watu wakiwapita na masanduku yao.

"Huko mtu akimkumbuka mwenzake anasemaje?" Rénovat aliuliza.

"Airím uaim thú. Ni kama kusema, nakuhisi mbali nami."

Rénovat alijaribu. Ulimi ukagoma.

"Tena," alisema Nsimire.

Akajaribu tena, safari hii taratibu, na sauti ikamkatikia katikati.

"Inatosha," Nsimire alisema, akijifuta machozi. "Nikirudi, leteni posa. Nimekubali."

Alimkumbatia mama yake, akaingia. Hakugeuka nyuma.

Rénovat alibaki ameukodolea macho ule mlango, hajui mikono yake aiweke wapi. Mama yake Nsimire, aliyekuwa amejiziba mdomo kwa kitenge muda wote, alimsogelea, akampa mkoba wake amshikie.

"Gari umelipaki wapi, mkwe?"