Gunia la Viatu Vilivyoachama

Mama Soli alikuwa na karakana ya viatu vya shule. Viatu vyake vilipendeza, ila vilikuwa na kasoro moja. Vikilowa, soli zilibanduka. Kiatu kiliachama mbele, vidole vya mtoto vikachungulia nje. Wateja walimtania, naye akacheka nao, lakini moyoni aliumia. Wengine walishaanza kununua kwingine.

Binti yake hakukubali. Alibadilisha gundi. Akashona soli kwa uzi mnene. Akachonga mfereji mwembamba kwenye soli ili uzi uzame ndani. Kila kiatu alikilaza kwenye beseni la maji, na kila asubuhi alikikuta kimeachama. Ngozi nzuri ikawa inaenda na maji hivihivi.

"Mwanangu, basi," alisema Mama Soli. "Ngozi hii ndiyo inayotulisha. Ukiimaliza, mafundi nitawalipa nini?"

"Mama, nimekaribia."

"Kukaribia hakuvaliwi."

Jirani yao, mhasibu, alikuwa mlangoni akisubiri kiatu chake.

"Shoga, usimkatize mtoto," alisema. "Serikali ina mfuko wa kusaidia kampuni zinazobuni vitu vipya, hata ndogo kama yako. Mkijaribu, inachangia nusu ya gharama. Nusu mnayotoa wenyewe, inawapunguzia kodi."

"Serikali inipe mimi? Mimi huiona ikija kuchukua tu."

"Omba. Watakuja kuiona kazi yenu."

Wakaomba. Afisa alipotoa taarifa kwamba anakuja, Mama Soli alishikwa na kiherehere. Alifagia mpaka uvunguni. Viatu vyote vilivyoharibika akavishindilia kwenye gunia, akalificha chooni. Mezani akapanga viatu vinavyong'aa.

Afisa alikuwa kijana mpole. Aliwaamkia, akazunguka meza, akakuna kichwa.

"Viatu vizuri, mama. Lakini hivi mmeshavizoea. Majaribio yako wapi?"

"Hapa hakiharibiki kitu," Mama Soli alijibu kwa fahari.

"Basi sina cha kuchangia, mama."

Binti aliinamisha kichwa. Mama Soli akamwona, na fahari yote ikamwisha. Msaada ukikosekana, majaribio ya mwanawe ndiyo yamekwisha, na yeye ndiye atakayekuwa ameyazima. Alikwenda chooni, akarudi akiburuta gunia, akalimwaga miguuni pa mgeni.

Afisa alichuchumaa. Akaanza kuvipanga viatu sakafuni, uso umemchangamka.

"Hiki kimeachama chote. Hiki mbele tu. Hiki kisigino peke yake. Mama, binti yako analifukuza kosa. Limebakiwa na kona moja tu ya kujificha."

"Kwa hiyo serikali inalipia viatu vibovu?"

"Inachangia kujifunza. Kampuni nyingi zinaogopa kujaribu, kwa sababu hasara ni yao peke yao. Tukibeba nusu, woga unapungua. Kitu kikifaulu, mtauza zaidi, mtaajiri watu, na kodi itarudi. Lakini hela hii ni ya majaribio tu. Si ya kupaka rangi karakana."

Mama Soli, ambaye alishachagua rangi, aliinama haraka kumsaidia kupanga viatu.

Msaada ulikubaliwa. Binti akanunua ngozi na uzi uliopakwa nta, akakikazania kile kisigino. Vikaharibika vingine. Hakuna aliyevificha.

Asubuhi moja mafundi wote walilizunguka beseni. Binti alikitoa kiatu, akakikunja, akakivuta. Soli haikubanduka. Mama Soli akakipokea, akakivuta kwa nguvu zake zote mpaka kilemba kikamwanguka. Haikubanduka. Furaha ilimpanda ghafla, akawa anacheka na kulia kwa pamoja. Mafundi walishangilia mpaka mhasibu akaja mbio akidhani kuna ajali.

Mvua zilipoanza, watoto walikanyaga madimbwi makusudi. Maduka yakaagiza viatu vingi, karakana ikaongeza mafundi.

Binti naye hakutulia. Alianza kujaribu kiatu chepesi zaidi. Siku ya kwanza alikitoa kwenye beseni, akakigeuzageuza.

"Mama, kimeachama."

Mafundi walisimamisha nyundo, wakamtazama Mama Soli. Yeye alivuta kigoda chake karibu na beseni, akakaa, akanyoosha mkono.

"Wapi? Lete nikione."