Jasho Juu ya Kioo

"Shangazi hapa. Sahani moja ina sumu."

Sauti ilimfikia Sindano kupitia kifaa kidogo cha sikioni wakati milango ya lifti ikijifunga. Shangazi hakuwa shangazi wa mtu. Alikuwa mkuu wa kitengo cha upelelezi alichotumikia Sindano. Na sahani zenyewe zilikuwa hapo mbele, juu ya toroli: vishikwambi kumi na viwili vya wajumbe wa mkutano wa amani, vikipelekwa ghorofa ya tisa.

Kimoja kilikuwa bomu.

Sindano alibonyeza kitufe chekundu. Lifti ikasimama kati ya ghorofa ya sita na ya saba.

"Vipi tena, dada?" aliuliza fundi wa kompyuta aliyekuwa akisukuma toroli. Yeye alimjua Sindano kama mpokezi wa wageni, basi.

"Kidole kimeteleza."

Alibonyeza ili washuke chini, mbali na watu. Wapi! Lifti kuukuu ile ilikubali kusimama, ikakataa kuondoka. Alipenyeza kisu katikati ya milango, akaitanua. Ukuta wa zege, juu mpaka chini. Joto lilianza kupanda, na hofu ikapanda nalo. Tangu utotoni Sindano hakupenda kufungiwa, na leo alifungiwa pamoja na bomu.

"Shangazi, nimekwama nazo."

"Mafundi wa lifti wanafika baada ya nusu saa."

"Linalipuka saa ngapi?"

"Hatujui."

Fundi alisikia neno moja tu, "linalipuka", akaanza kupiga ukuta kwa ngumi. "Tufungulieni! Robo ikifika tumekwisha!"

Sindano aligeuka taratibu. Bastola yake, Glock, ilikuwa tayari mkononi.

"Nani kakutajia robo?"

Fundi alishusha ngumi.

Saa ya Casio mkononi mwa Sindano ilionyesha saa nne na dakika moja.

"Ni wauza silaha," fundi alisema. "Amani ikitiwa saini, hawana soko. Walinitisha, dada."

"Kishikwambi kipi?"

"Nilikiweka alama. Nukta ya wino mwekundu, nyuma."

Fundi alikigeuza cha kwanza. Cha pili. Cha tano. Vyote kumi na viwili vilikuwa safi, vinang'aa.

"Mama wa usafi," alinong'ona. "Amevipangusa vyote kwa spiriti!"

Sindano nusura acheke, bomu au si bomu.

"Basi vifungue vyote."

"Vimegandishwa kwa gundi. Kimoja dakika saba. Na kuvipima uzito hakusaidii, nilisawazisha mwenyewe."

"Kazi nzuri."

"Asante," alijibu bila kufikiri.

"Humo ndani hamna nafasi. Bomu ulilichomeka wapi?"

"Nilibadilisha kioo. Nikaweka chembamba zaidi, lakini hakina ukali wa vile vingine. Nukta zake zinazounda picha ni kubwa, chache. Kwa macho hutaona, nilihakikisha."

Sindano aliviwasha vyote. Ajenda ile ile, herufi zile zile nyeupe. Alikodoa macho mpaka yakamwasha. Hakuna tofauti.

Saa nne na dakika tatu.

Tone la jasho lilimdondoka kidevuni, likatua juu ya herufi kwenye kishikwambi cha kwanza. Sindano aliinama. Chini ya tone, herufi ilikuwa imevimba, na ilionekana imefumwa kwa nukta laini, laini kama unga.

Alijipangusa paji la uso kwa kidole, akadondosha tone kwenye cha pili.

Unga.

Cha tatu, cha nne, cha saba. Unga.

Cha tisa: punje. Punje nene, na kati yake mianya myeusi.

Alipima na vitatu vilivyobaki. Hapa hapakuwa na nafasi ya kubahatisha.

Saa nne na dakika sita. Alimsogezea fundi kile cha tisa.

"Fungua."

"Na nikikosea?"

"Tutakuwa tumekosea wote."

Fundi alipitisha wembe pembeni mwa kioo, kidogo kidogo, akiomba kwa sauti. Sindano alihesabu pumzi zake mwenyewe ili asipige kelele. Kioo kilibanduka. Nyuma yake kulikuwa na bonge la kijivu na kibetri kisichopaswa kuwepo. Fundi alikichomoa, akakaa chini, akalia.

Casio ilionyesha saa nne na dakika kumi na tatu.

Robo ilifika. Ikapita.

Milango ilipofunguliwa, askari walimchukua fundi na kile cha tisa. Mama wa usafi alisimama na ndoo yake, akaitazama toroli.

"Jamani! Nani kavichafua vioo vyangu? Nimevipangusa asubuhi hii hii!"

"Ni mimi, mama. Nisamehe."

"Mtu mzima kama wewe!"

Sindano aliazima kitambaa kilichokuwa begani mwa mama, akajifuta uso, akamrudishia.

"Shangazi, sahani zimeoshwa."

Mafundi walimwonyesha lifti, kwamba sasa inafanya kazi. Aliwashukuru, akashuka kwa ngazi.