Moto Usiozimwa Nyumbani kwa Gona

Jamaa zangu mnaopika kila siku, na nyinyi mnaopikiwa, nisikilizeni. Haya yalitokea Chaani, mwaka wa elfu moja mia tisa sitini na moja, katika nyumba ya udongo na makuti ambayo wengi wetu tulipita mbele yake tukiamkia.

Asubuhi ile palikuwa shwari. Bi Kafedha alikuwa ameketi barazani akichambua kunde. Nyamvula, mke wa mwanawe, alifagia uwanja huku akiimba kwa sauti ya chini. Gona, mwana wa pekee wa Kafedha, alikuwa amekwisha kunywa chai akaenda Kilindini, alikokuwa kuli wa kupakua magunia melini.

Nyamvula alipoinama kuzoa taka, leso ilimteleza begani, na Kafedha akaona mistari mitatu mgongoni, imevimba, miwili imepasuka.

"Umefanywa nini, mwanangu?"

"Ni askari wa msitu, mama. Jana alitukuta tukikata mikoko kule Port Reitz, akatushukia na kiboko. Wenzangu walitupa kuni wakakimbia. Mimi niliogopa kurudi mikono mitupu."

Kafedha hakuuliza aliogopa nini. Alijua.

Gona hakuwa mlevi wala mvivu. Utotoni mwake ulipita mwaka wa njaa, mafiga ya kwao yakakaa baridi siku nyingi, na watoto wa majirani wakamcheka. Alipopata nyumba yake aliapa kwamba moto wake hautazimika. Basi pale uwanjani, mahali penye upepo, magogo mawili yaliwaka kutwa, chungu kikiwa wazi juu yake, maji ya kuoga yakichemka mpaka yanabaki nusu. Ndani hamkuwa na dirisha hata moja, kwa hiyo koroboi nayo iliwaka mchana kweupe. Mizigo mitatu ya kuni haikumaliza wiki.

Na siku Gona akirudi akakuta moto umekufa, Nyamvula alipigwa. Alipigwa makofi, alipigwa mkanda, na mara moja aling'olewa jino kwa ngumi. Siku ya jino Kafedha alikuwa chumbani. Alijiziba masikio kwa leso. Marehemu mumewe alimpiga yeye vivyo hivyo, naye alikwisha kuamini kuwa ndivyo wanawake wanavyoishi. Lakini nasi majirani, niambieni, wangapi tulisikia ule ukelele tukaendelea kula?

Aliyekuja ni Mwanakheri, mjane wa asili ya Likoni, mpika mahamri. Aliposikia habari za kiboko alipiga hodi, akamwamkia Kafedha, kisha akasimama kuyatazama yale magogo.

"Bi Kafedha, mimi napika mahamri ya mtaa mzima, na wallahi sichomi nusu ya kuni hizi. Upepo ndio unaokula moto wenu. Nipeni udongo na maji."

Siku ile wanawake watatu walifanya kazi mpaka adhuhuri. Waliyasogeza mafiga kwenye pembe ya ukuta wa jikoni, wakayazungushia udongo na kuacha mdomo mmoja wa kuingizia kuni. Kuni wakazichanja nyembamba, wakazianika juani zikauke. Kila chungu kikapata kifuniko. Tangu siku ile mahindi na kunde vikawa vinalowekwa usiku kucha kabla ya kupikwa, visikae motoni nusu siku. Kisha Mwanakheri akaleta kikapu kikubwa, akakishindilia makumbi ya nazi pande zote.

"Chungu kikichemka vizuri, kitoeni, kitieni humu, mkifunike blanketi. Kitaiva chenyewe, na jioni mtakipakua ki moto."

Mwisho walitoboa dirisha chumbani, upande wa mashariki. Mwanga uliingia, na Nyamvula akazima koroboi. Kafedha aliona meno ya mkewe Gona, pamoja na pengo lake, kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi. Alikuwa akicheka.

Kwa wiki mbili zilizofuata mzigo mmoja wa kuni ulitosha pale palipotaka mitatu. Nyamvula hakwenda tena kwenye mikoko. Kila jioni, Gona akikaribia kurudi, waliwasha vijiti viwili vitatu apate kuona moshi, naye akala akashiba bila kujua kwamba kutwa moto ulikuwa umezimwa. Jiko jipya na dirisha alivinung'unikia, akaviacha.

Hapo ndipo palipokuwa na kosa lao, kama ni kosa. Waliogopa kumwambia.

Siku moja meli iliahirishwa, makuli wakarudishwa nyumbani saa nane mchana. Gona aliingia uwanjani akakuta jiko limezimwa. Aliinama akatia kidole kwenye majivu. Yalikuwa baridi.

"Moto wangu uko wapi?"

"Umezimwa, bwana, lakini chakula ki moto. Kimo kikapuni, ngoja nikuonyeshe..."

"Nakuuliza moto wangu uko wapi! Unataka watu wapite wanicheke?"

Alilipiga jiko teke, udongo ukasambaratika. Akaokota gogo. Nyamvula akainua mkono kujikinga, na gogo likatua juu ya kigasha. Kafedha alisikia mfupa ukivunjika, mlio mkavu kama wa kijiti. Nyamvula akaanguka karibu na kikapu, na Gona akakipiga teke kikapu nacho. Chungu kikapinduka. Mahindi na kunde, pamoja na mchuzi wake wote, vikammwagikia Nyamvula kutoka gotini hadi kwenye kifundo cha mguu, na ngozi ikavimba malengelenge pale pale. Alipiga ukelele uliosikika hadi barabarani.

Chakula kile kilikuwa kimekaa bila moto tangu asubuhi.

Kafedha aliyaona yote akiwa ameshika nguzo ya baraza. Miguu haikumpeleka.

Jioni ile Gona alilipigilia mbao dirisha, akalikandika udongo. Akarudisha mafiga uwanjani kwenye upepo, akaweka magogo matatu badala ya mawili. "Mama," alisema, "huyu sasa hawezi kazi. Moto utauchunga wewe. Nikirudi niukute."

Siku ya tano upepo ulikuja kwa nguvu. Mkono wa Nyamvula ulikuwa umefungwa fito na mganga wa mifupa, mguu hauwezi kukanyaga, amelala ndani gizani. Kafedha aliona cheche zikiruka kuelekea nyumba. Alichukua ndoo ya maji, akaisogeza mpaka kwenye mafiga. Akamfikiria mwanawe akirudi. Akaiweka ndoo chini.

Ilitosha cheche moja. Makuti yalishika upande wa mlangoni, na kabla hajamaliza kusema "Mulungu wangu" paa lilikuwa linanguruma. Mlango ukawa moto mtupu. Ndani Nyamvula alikuwa akiita, "Mama! Mama!"

Safari hii miguu ya Kafedha ilimpeleka. Alizunguka nyuma, akaanza kuubomoa udongo mbichi wa dirisha kwa kucha, akipiga mayowe. Mwanakheri akaja na jembe, wanaume wawili wakafuata na mashoka. Mbao zilipopasuka, moshi ulitoka kwanza, kisha mkono wa Nyamvula. Walimvuta kwa nywele na kwa leso, kwa chochote walichoweza kukishika. Boriti ilianguka wakati miguu yake ingali dirishani, ikamchoma tena mguu ule ule. Mikono ya Kafedha iliungua viganja vyote viwili.

Gona alifika nyumba ikiwa majivu. Hakuuliza nani amepona. "Umenichomea nyumba!" alimpigia kelele mke wake aliyelala mchangani, akaokota kipande cha boriti kilichokuwa kikifuka moshi.

Kafedha alijitupa katikati. Pigo lilimpata juu ya jicho, damu ikamfunika uso, lakini hakuondoka.

"Nipige tena," alisema. "Nilikaa kimya miaka mingi. Maliza."

Gona aliuinua tena mkono. Majirani wakamrukia, wakampiga mpaka akaanguka, wakamfunga kamba na kumpeleka kwa polisi.

Mahakamani Gona alijitetea kwamba mkewe ni mvivu, huzima moto na kumpa mumewe chakula baridi. Kafedha akasimama, kitambaa kikiwa bado jichoni.

"Bwana hakimu, mimi ndiye niliyemzaa huyu. Anasema chakula kilikuwa baridi. Tazama mguu wa mke wake."

Nyamvula akainua leso hadi gotini. Hakuna aliyehitaji kuuliza zaidi. Gona alifungwa miaka miwili.

Wanawake wale wawili waliishi nyuma ya nyumba ya Mwanakheri, wakipika naye mahamri. Mkono wa Nyamvula uliunga ukiwa umepinda, na mpaka leo anachechemea. Jicho la Kafedha halikuona tena.

Gona alipotoka jela, kila baraza lilikuwa likizungumza habari za uhuru unaokuja. Alifika uani, amekonda, akaamkia, "Shikamoo, mama." Nyamvula alinyanyuka, akaingia ndani na kutia komeo. Kafedha alimpa mwanawe kikombe cha chai na mahamri mawili.

"Nimekuzaa, wala sikukani," alimwambia. "Lakini humu hulali."

Gona alikunywa chai, akaweka kikombe chini, akashika njia ya Changamwe. Kafedha alilia, lakini hakumwita.

MAFUNZO

Moto unaowaka bila kazi haumpi mtu heshima. Unamaliza kuni, unawatuma wake zetu kwenye viboko, na mwisho unakula nyumba. Likingeni jiko na upepo, kausheni kuni, funikeni vyungu, lowekeni nafaka, pasueni madirisha mpate mwanga wa bure. Haya hayahitaji elimu kubwa, yanataka udongo na mikono tu. Nawe mwanamume, ukikuta kitu kimebadilika nyumbani kwako, uliza, kisha usikilize jibu. Na wewe uliye chumba cha pili, mama au jirani, usingoje mpaka moshi uonekane ndipo utoke. Kafedha alitoka amechelewa, na alijua hivyo hadi siku ya kufa kwake.