Aliyesimama Wima Kwenye Kioo

Gundi ile ilikuwa nadhifu mno. Matone matano, tone moja kwa kila kibati, yote ya ukubwa mmoja, na hakuna hata moja lililochuruzika. Fundi aliyaona, akayasogezea taa, na badala ya kujiuliza ni nani mwenye mkono mtulivu kiasi hicho ambaye angeharibu kamera kwa makusudi, akacheka kwa pua.

"Fundi uchwara gani huyu," akasema, "aliyegandisha vibati vya watu?"

Mafundi wana ugonjwa huo. Hawawezi kuiona kazi ya mwenzao wakanyamaza. Na huyu wetu, aliyekuwa amekaa miaka arobaini akifungua kamera za filamu kwenye chumba cha mbele cha nyumba yake, alikuwa mgonjwa mahututi. Wateja walimwita Fundi, majirani Fundi, na mkewe pia alimwita Fundi siku ambazo hakufurahishwa naye, nazo hazikuwa chache.

Kamera ililetwa asubuhi hiyo na nesi mmoja mstaafu, imeviringishwa kwenye taulo. Ilikuwa ya marehemu kaka yake, mpiga picha.

"Haijapiga picha tangu nikiwa msichana," nesi alisema. "Sijui kwa nini hakuitengeneza. Nataka tu kuisikia tena ikilia."

"Rudi baada ya wiki mbili," Fundi alimwambia. "Utaisikia."

Vibati vyenyewe ni vyembamba kuliko ukucha, na hukaa katikati ya lenzi. Ukibonyeza kitufe vinafunguka, mwanga unaingia kwenye filamu, vinajifunga. Vya kamera hii vilikuwa vimegandishwa vikiwa vimefumba. Fundi akachovya pamba kwenye petroli, akafuta tone la kwanza, la pili, mpaka la tano. Chumba kikanuka kitu ambacho si petroli, kama siki na nguo zilizosahauliwa sandukuni. Halafu vibati vikafunguka polepole, kabla hajagusa chochote.

Gundi imeachia, akajiambia, na akaridhika na maelezo yake.

Ikabaki kupima. Fundi alikuwa na namna yake ya kupima. Hufungua mgongo wa kamera, huweka kipande cha kioo chenye ukungu pale filamu inapokaa, huviacha vibati wazi, kisha humkalisha mjukuu wake kwenye stuli ya dirishani. Taswira hutua kwenye kioo ikiwa imepinduka, kichwa chini miguu juu, maana lenzi zote ndivyo zilivyo, naye huzungusha lenzi mpaka azione kope za mtoto moja moja. Mjukuu mwenyewe alikuwa wa miaka saba, na walimwita Chiriku kwa sababu mdomo wake ulipumzika akilala tu.

"Babu, nishuke?"

"Bado."

"Sasa je, nishuke?"

"Hata dakika haijaisha. Na acha kupepesa."

"Mimi sipepesi, macho ndiyo yanapepesa. Babu, nishuke?"

Fundi akainamia kioo. Dirisha lilikuwa kichwa chini. Stuli ilikuwa kichwa chini, na Chiriku naye kichwa chini, miguu ikibembea. Kando yake alisimama mtu mwingine, mdogo, amempa Fundi kisogo. Huyo alikuwa wima.

Fundi akainua uso. Kando ya stuli hapakuwa na mtu. Akatazama tena kwenye kioo, na humo pia hapakuwa na mtu. Akafuta miwani kwa shati na kuulaumu umri.

"Haya, shuka."

Chiriku hakushuka. Ndani ya kamera kulianza kunguruma, zzzz, mngurumo mwembamba wa kile kimkono ambacho mpiga picha hukivuta apate nafasi ya kukimbia na kujipanga na wenzake. Hakuna aliyekuwa amekivuta. Kikaachia, chap, na mtoto akatulia, mdomo nusu wazi, mguu umesimama hewani. Kisha mguu ukaendelea kubembea.

"Babu, nimesikia baridi," akasema.

Kamera ililia tena Chiriku akivaa viatu, na tena akiwa mezani, kijiko kimefika mdomoni. Mara ya nne Fundi alikuwa na saa yake ya kupimia mkononi. Mtoto aliganda sekunde nane. Akarudi nyuma kwa kumbukumbu, na hesabu hiyo aliijua. Moja, mbili, nne, nane, kila mlio mara mbili ya uliotangulia, kama namba zilizochongwa kwenye pete ya kamera yoyote. Akachukua penseli. Mlio wa kumi ungemshika mtoto dakika nane na nusu. Wa kumi na tatu, saa nzima na zaidi. Wa ishirini, siku sita, na hakuna mtoto anayekaa siku sita bila tone la maji.

Fundi aliogopa, tena aliogopa sana, lakini kiburi kilikuwa kimekaa juu ya woga. Yuko mtu mmoja ambaye angeweza kumwuliza, mzee aliyemfundisha kazi, ila kumwendea ni kukiri kwamba kamera imemshinda. Akaamua kuimaliza mwenyewe. Akang'oa springi ya kile kimkono, akaiweka kwenye kisahani, na kamera ikanguruma bila springi. Akaitia kwenye sanduku la bati, akalifunika kwa godoro, na mlio ukasikika jikoni, nyuma ya mkewe, karibu na sikio.

"Mume wangu," mkewe alinong'ona, na kwa kuwa hakumwita Fundi, mumewe alijua mambo yameharibika. "Hafumbi macho. Nimemsogezea kidole mpaka kwenye kope, hafumbi. Umeleta nini humu ndani?"

"Kesho nitakuwa nimemaliza."

"Kesho ya nani?"

Siku ya pili waliketi ubavuni mwa Chiriku tangu asubuhi, mmoja huku na mmoja kule, wamemshika mikono iliyopoa kama vyombo vilivyolala nje, na kila alipozinduka alikuwa na maneno machache kuliko alipoondoka, kwanza akilalamika baridi, kisha akimwita bibi yake tu, kisha akitikisa kichwa tu, mpaka mlio wa kumi na tatu ukamchukua mchana kweupe, jua likiwa limejaa chumbani na harufu ya siki imepanda hadi kooni, wakahesabu saa nzima na dakika nane wakitazama vumbi likimtua machoni bila yeye kupepesa, na alipozinduka hakusema neno. Aliwatazama wote wawili kwa zamu, kama mgeni anayeonyeshwa nyumba, akatabasamu.

Ndipo Fundi akavaa viatu.

Mzee wake alikaa mtaa wa pili. Alikuwa haoni tena, lakini alikuja ameshikwa mkono, akaketi kwenye meza ya kazi na kuipapasa kamera kwa ncha za vidole.

"Kijana wangu," akasema, ingawa kijana huyo alikuwa na mvi mpaka masikioni, "gundi ya humu imekwenda wapi?"

"Niliifuta, Mwalimu. Nilidhani ni ya fundi uchwara."

"Ilikuwa yangu."

Fundi alitamani sakafu immeze.

"Mwenye kamera aliniletea akilia," mzee akaendelea kwa sauti ya chini. "Ndani mna jini. Hataki damu wala ubani. Anataka kukaa mahali pa mtu. Kumfukuza sikujua, mimi najua gundi tu. Sasa sikiliza. Kilicho nje ya kamera hupinduka kwenye kioo. Kilicho ndani husimama wima, kwa sababu hakikupita kwenye lenzi. Mkalishe mtoto. Ukimwona mmoja amepinduka na mmoja wima, niambie nifunge."

Wakamkalisha Chiriku kwenye stuli. Fundi akainamia kioo, jasho likidondokea meza. Dirisha kichwa chini. Stuli kichwa chini. Chiriku kichwa chini, ametulia, anamtazama. Na mbele kabisa, karibu mno kiasi cha kutoonekana uso, kivuli kidogo kilichosimama wima, kikipunga mikono yote miwili, mdomo ukienda mbio bila kupumzika. Fundi akadhani kinamlaani.

"Yumo," akasema. "Funga."

Vidole vya mzee havikutetemeka. Matone matano, tone moja kwa kila kibati. Mngurumo ukakatika, harufu ikaondoka, na mke wa Fundi akakaa sakafuni palepale akalia kwa furaha. Kamera ikarudi kwenye taulo, ikapandishwa rafu ya juu, isubiri siku ya nesi.

Wiki ikapita bila mlio. Chiriku alikula, alilala, alivaa viatu vyake. Alikuwa mpole, na mwanzoni bibi yake alishukuru kwa upole huo.

Siku ya nane Fundi alikuwa na kamera nyingine mezani, ya mwanafunzi fulani, haina makuu. Akamkalisha mjukuu kwenye stuli, akainamia kioo. Kope zilionekana mara moja, safi, moja moja, hata moja haikutikisika. Hajawahi kupima kwa urahisi namna hiyo. Akakaza skrubu za lenzi, akapima tena, akasafisha, akapima mara ya tatu, na robo saa nzima ikapita kabla hajagundua kinachokosekana chumbani.

"Hujachoka?" akauliza.

"Hapana, Babu. Ninakaa."

Fundi akaiweka bisibisi chini. Akaukumbuka mdomo ule uliokuwa ukienda mbio kwenye kioo, na mikono miwili iliyokuwa ikimpungia, na akajua amemfungia nani. Aliyekuwa amepinduka alikuwa nje, ndiyo, kwa sababu tayari alikuwa amepata pa kukaa.

Mkono wake ukaenda kwenye chupa ya petroli. Juu ya rafu, ndani ya taulo, sauti ndogo iliyokaribia kukauka ikauliza:

"Babu, nishuke?"

Fundi alifungua mdomo, lakini yule wa kwenye stuli alimtangulia kujibu, bila kupepesa.

"Bado," akasema.