Taa ya Nafasi ya Nne

Sanduku lilikuwa na nafasi nne za diski, na siku ile fundi aliingiza tatu tu. Ya nne duka lilikuwa limeishiwa, wakamwambia arudi baada ya wiki chache. Kwa hiyo alipochomeka umeme, akajibu maswali ya sanduku yote, akakaa kitandani kusubiri, zilipaswa kuwaka taa tatu. Zikawaka nne.

Hakushtuka. Tangu msiba alikuwa hashtuki. Alifungua kimlango cha nafasi ya nne akachungulia, akaona pako wazi, vumbi kidogo tu, akafunga. Taa ikaendelea kuwaka, kijani, imetulia kama mgeni aliyeonyeshwa kiti akakaa. Fundi akaandika kwenye daftari lake la kazi: taa ya nne ina hitilafu, kuangalia baadaye.

Kazi yake ndiyo hiyo, mama wa watu. Alikuwa akifunga masanduku ya kuhifadhia kumbukumbu maofisini, ili kila kompyuta ya pale ilete vitu vyake mahali pamoja, na diski moja ikifa zile nyingine zikumbuke kilichokuwa ndani yake na kukirudisha. Lakini hili la siku ile alilifunga kwake nyumbani, chumbani kwa mwanawe, juu ya meza ya kusomea, na chini ya meza vikiwapo viatu vya shule ambavyo kwa miezi saba hakuna aliyethubutu kuvihamisha.

Mtoto alikuwa na miaka tisa. Walimwita Mheshimiwa, kwa sababu tangu alipojua kutembea alitembea mikono nyuma, tumbo mbele, akiingia jikoni kukagua sufuria za bibi yake kama kiongozi aliyekuja kuzindua kisima. Anafunua mfuniko, anatikisa kichwa, anauliza, "Bibi, leo chumvi umeikumbuka?" Bibi anamfukuza na mwiko, nyumba nzima inacheka.

Homa ya siku tatu ilimchukua. Habari ilipomfikia mama yake kwa simu, alikuwa amejikunja chini ya meza ya ofisi moja akiunga nyaya. Akasikiliza, akasema sawa, akamalizia waya uliobaki, akaubandika karatasi yake ya jina, ndipo akaondoka. Watu walilisema sana jambo hilo. Na siku ya maziko hakulia. Mama mkwe wake, aliyekuwa akiishi nao, ndiye aliyemkingia kifua. Aliwaambia mashoga zake wamwache mkamwana wake, machozi anayo, yameganda tu.

Kilichombakia fundi ni hofu moja. Picha na sauti za mtoto zilikuwa zimetapakaa, nyingine kwenye simu yake, nyingine kwenye simu ya bibi, nyingine kwa mumewe, dereva wa malori aliyekuwa njiani wiki mbili kwa wiki mbili. Simu ni kitu cha kuanguka kwenye ndoo. Kipande cha mwanawe kingeweza kwenda na maji hivi hivi. Ndiyo maana akalileta sanduku.

Sasa, sanduku jipya huuliza nani atakuwa mwenye mamlaka yote, yule wa kufungua na kufunga, kuongeza na kufuta. Maofisini fundi hakuwahi kukosea hapo. Alimwambia kila mteja neno lile lile: mamlaka mpe mtu aliyepo, usimpe aliyeacha kazi, maana jina likibaki na mlango ukabaki wazi, hujui nani atakuja kulitumia. Alilisema mpaka wakamtania kwamba atalisema usingizini. Lakini siku ile, peke yake, swali lilipotokea, vidole viliandika vyenyewe: Mheshimiwa. Sanduku likamuuliza kama ana hakika. Akabonyeza ndiyo. Likaandika, "Karibu, Mheshimiwa. Kila kilichomo ni chako."

Akamwaga humo kila kitu cha familia. Picha elfu mbili mia moja na kumi na nne, sauti sitini na tatu. Aliandika hesabu hiyo kwenye daftari, maana ndivyo alivyozoea.

Wiki ya pili akakuta sauti sitini na nne.

Ilikuwa fupi. Hatua za taratibu, kisha mtoto anakohoa kidogo, kisha, "Mama, humu kuna joto." Fundi aliisikiliza mara moja, akajiambia huenda simu ya mumewe imechelewa kuleta vitu vyake. Kesho yake ikaja picha. Mheshimiwa kasimama getini anacheka, jino la pembeni, la juu kushoto, halipo. Mheshimiwa alizikwa na jino hilo kinywani. Fundi alijua, maana alimwosha uso mwenyewe. Akaitazama picha ile, akasubiri kifua kishtuke, kikakataa. Akaizima kompyuta akaenda kuanua nguo.

Ikawa desturi. Kila siku saa nane mchana, bibi akijinyoosha kwa usingizi kidogo, fundi anaingia chumbani kule, anafunga mlango. Diski zinakwaruza, kre, kre, kre, kama kuku anachakura chini ya kitanda. Na kila siku kuna kipya: Mheshimiwa kanyolewa, Mheshimiwa karefuka, Mheshimiwa na shati jipya la shule. Chumba kilinuka kichwa cha mtoto aliyetoka kucheza juani. Nyuma ya harufu hiyo ilikuwapo nyingine, ya manyoya mabichi yanayoungua, lakini fundi aliivuta ile ya kwanza na kuiacha ya pili ipite. Hakuwa na furaha, msimwonee. Alikaa tu, kama mtu anayeota moto bila kuhisi joto.

Wa kwanza kuona kasoro alikuwa bibi. Alimkuta mkwewe kibarazani akasema kwa sauti ya chini, kana kwamba kuta zina mdomo, kwamba mifuniko ya sufuria anaikuta imesogezwa. Kila siku, saa nane. Upana wa kidole.

"Labda paka, mama," fundi alisema.

"Paka gani anafunua asile?" Bibi akamshika mkono. "Na huyu binti yako, mwanangu, umemsikiliza siku hizi?"

Hakuwa amemsikiliza. Binti yao alikuwa na miaka sita, walimwita Kasuku kwa wingi wa maneno. Huyo alikuwa akisimulia ndoto zake asubuhi mpaka chai inapoa, akizungumza na ndoo, na ufagio, na soksi. Sauti ilianza kukauka wiki ile ile ya sanduku. Walimpeleka hospitali, daktari akamulika koo, akasema ni safi, hana anachokiona. Ikakauka ikawa mnong'ono, na sasa siku ya nne mtoto alikuwa anafungua mdomo na hakuna kinachotoka. Anakaa kwenye ngazi, mikono mapajani, anatazama mlango wa chumba cha kaka yake.

Fundi alirudi kwenye kompyuta, akafungua daftari. Sauti zilikuwa zimefika themanini. Picha zilikuwa elfu mbili mia moja na kumi na nne, vilevile. Lakini zilikuwa zimeingia mpya arobaini, kwa hiyo arobaini zilikuwa zimetoka. Akazitafuta, akakuta hata za Kasuku zilizobaki si nzima. Siku Kasuku alipoanza shule: lango la shule lipo, mkoba upo umesimama hewani kwa kamba zake, mtoto hayupo. Kasuku kwenye bega la baba yake: baba kainua mkono kushika mguu ambao haupo. Na nyingine hazikuwapo kabisa. Aliziangalia zote, moja baada ya nyingine, akaandika hesabu yake kwenye daftari.

Bibi hakuomba ruhusa. Alimleta mshonaji.

Mshonaji huyu alishona sare za shule za mtaa mzima, na kando ya hapo aliwatoa watu majini na mapepo, bila mbwembwe wala ngoma, kama mtu anavyotoa mwiba. Aliingia na futi yake ya kupimia shingoni na pini mbili mdomoni. Hakujua chochote kuhusu kompyuta. Akaomba aonyeshwe picha, akainama karibu na kioo, akakaa hapo muda mrefu.

"Shati hili sikulishona mimi," akasema. Akatoa pini mdomoni. "Mheshimiwa nilimshonea mashati matatu, yote nayakumbuka. Na hili halijashonwa na mtu. Tazama pindo. Halina mshono."

Fundi akatazama. Kitambaa kilikuwa kimeota tu kutoka kwenye kitambaa.

Mshonaji akauliza nani amemkaribisha huyu, na kwa jina gani, na amepewa nini. Fundi akajibu yote bila kuficha, kwa sauti ile ile anayotumia kumsomea mteja taarifa ya kazi. Alipofika kwenye "kila kilichomo ni chako," mshonaji akamtazama bibi, bibi akatazama sakafu.

"Huyo si mwanao, mdogo wangu. Alikuta jina halina mtu akalivaa. Na ana njaa, maana jina bila mwili halishibi. Huyu wa ngazini ndiye anayeliwa." Akasema atoke kwa njia aliyoingilia, yaani aliyempa mamlaka amnyang'anye.

Fundi akasema sanduku halikubali hivyo. Ukimwondoa mwenye mamlaka, vyote vyake vinafutika. Na vyote ni vyake.

"Basi vifutike."

"Nikitoa nakala kwanza? Zile za kweli tu."

"Ukibakiza hata moja, umemwachia mlango. Na za kwenye simu."

Bibi akaitoa simu yake kifuani, akaishika kwa mikono miwili, kisha akaiweka mezani. Akatoka nje, hakutaka kuona.

Fundi akampigia mumewe. Alimkuta kwenye kituo cha kupimia malori, akamweleza kila kitu, injini za wenzake zikinguruma nyuma yake. Mumewe akasema, "Kasuku yuko hapo? Mpe simu." Fundi akaiweka simu kwenye sikio la mtoto. Kasuku akafungua mdomo. Baba yake alisikia pumzi, pumzi tu, ya mtu anayesukuma mlango mzito. Fundi alipoirudisha simu sikioni kwake, mumewe alikuwa analia. "Futa," alisema. "Na zangu nafuta sasa hivi."

Mchana ulikuwa mweupe, jua kali dirishani, watoto wa jirani wanagombania mpira. Fundi akakaa mbele ya sanduku, mshonaji kasimama nyuma yake, na alipogusa tu sehemu ya kuondoa jina, diski zikaacha kukwaruza, feni ikasimama, na katika ukimya huo hatua zikaanza jikoni, taratibu, za mtu aliyeweka mikono nyuma, zikapita ukumbini bila kuharakisha, zikapita nje ya mlango zikarudi, na ile harufu ya kichwa cha mtoto ikajaa chumbani ikawa nzito mpaka ikageuka yenyewe kuwa manyoya na moshi, na sauti ikatoka kwenye sanduku, kwenye simu ya bibi, kwenye simu yake mwenyewe mkononi, zote kwa pamoja, sauti ya mwanawe na si nyingine, ikisema mama, humu nilikuwa nimeanza kukua, mama, ukinitoa nani atamkumbusha bibi chumvi, mama, wewe hata hukunililia, sasa na hiki kidogo unakifuta.

Mkono ulisimama hapo. Kutoka kwenye ngazi hakukuja sauti yoyote, na ni huko kusikokuja sauti ndiko fundi alikosikiliza.

Sanduku likamuuliza kama ana hakika. Akabonyeza ndiyo.

Iliwachukua dakika kumi na mbili. Hesabu ilishuka mbele ya macho yake, elfu mbili, elfu moja na mia tisa, na hakugeuza uso. Ilipofika sifuri taa zikazimika, ya nne ikawa ya mwisho. Akafuta na kwenye simu. Mshonaji akafungua dirisha, akakusanya futi yake, akaenda zake. Sare za muhula mpya zilikuwa zinamsubiri.

Magharibi ile Kasuku akasema ana kiu. Kisha akasema maji haya si ya baridi. Kisha akasimulia yote aliyoyaweka siku nne, mpaka bibi akaziba masikio akicheka na kulia pamoja. Fundi akavipangusa vumbi viatu vya shule, akavifunga kwenye karatasi. Akalala usiku kucha.

Wiki iliyofuata duka lilimpigia kwamba diski ya nne imefika. Akawaambia wamuuzie mwingine. Alikuwa anatoka na sanduku tupu kwapani, kulirudisha, ilikuwa saa nane, alipopita mlango wa jikoni.

Kasuku alikuwa mbele ya jiko. Mikono nyuma. Tumbo mbele. Akautoa mkono mmoja, akasogeza mfuniko upana wa kidole, akatikisa kichwa. "Bibi, leo chumvi umeikumbuka?" Bibi, aliyekuwa anachambua mchele, hakugeuka. Ungo ulimdondoka tu.

Mtoto akamgeukia mama yake akatabasamu. Jino la pembeni, la juu kushoto, halikuwapo. Asubuhi lilikuwapo. Na mtoto wa miaka sita jino hilo halijafikia kung'oka.

Fundi hakushtuka. Diski moja ikifa, nyingine hukumbuka kilichokuwa ndani yake. Aliweka sanduku chini, akavuta kigoda, akakaa akimtazama mwanawe anavyokagua sufuria, mpaka chakula kikaiva.