Meno ya Bonde la Chikole

Pepeto ulikuwa mtambo mkubwa kama msikiti wa Ijumaa, na kazi yake yote ilikuwa kutafuta meno. Bomba lake lilishuka kutoka kilima cha Lindi ya Juu hadi chini ya maji, likafyonza tope la Bonde la Chikole mchana kutwa. Tope lilipita katika chekecheke moja baada ya nyingine, likaoshwa kwa siki, likakaushwa kwa upepo wa moto, kisha makapi yake yakamwagwa juu ya mkanda wa kioo. Hapo jicho la miale lilichungua kila chembe. Mchanga ulipulizwa kando. Jino, hata likiwa dogo kama ufuta, lilinyanyuliwa kwa kidole chembamba cha chuma na kuwekwa kwenye trei yenye jina lake: papa, taa, jodari, changu.

Watu walizoea kuuliza meno ya samaki waliokufa yana faida gani, na Somoe Nantembo, mtambuzi mkuu wa Pepeto, alikuwa amechoka kuwajibu. Papa hung'oka meno na kuota mengine maisha yake yote. Meno hayo huzama, hufunikwa na tope, hugeuka mawe. Kila zama ilikuwa na papa wake, kwa hiyo anayeyajua meno anaujua umri wa udongo. Na sheria ya mji ilikuwa kali: udongo wa kujengea Ukuta wa Bahari uchimbwe kwenye tabaka la visukuku tupu, mabaki ya kale yaliyogeuka mawe, pasipo na kaburi wala mabaki ya mtu. Bila idhini ya Somoe, tena aitamke kwa kinywa chake, mashine za kuchimba hazikuruhusiwa kugusa Chikole.

Zamani Chikole palikuwa na mtaa. Bahari ilipopanda, Mamlaka ya Ukuta ilitangaza kwamba wakazi wote wamepakiwa kwenye mashua na kupelekwa bara, ndipo malango ya Ukuta yakafungwa, mtaa ukabaki upande wa bahari, na kilima kikaporomokea nyumba zilizobaki tupu. Dada yake Somoe, Mwanakheri, siku hiyo alikuwa kazini mjini. Watoto wake pacha, Shamte na Siwema, walikuwa shuleni Chikole. Mamlaka ilimwambia wako salama, ila mawasiliano ya bara ni mabovu. Miaka ikapita, na kila Idi Mwanakheri alishona nguo mbili, akiongeza kipimo kwa kukisia. Somoe alimwonea huruma, lakini naye aliamini. Angefanyaje? Mshahara wake ulitoka Mamlaka, na imani ya mtu aghalabu hukaa karibu na sahani yake.

Asubuhi moja Mamlaka ilikuwa ikisubiri idhini ya mwisho ya kuchimba Chikole. Somoe hakuitoa hivi hivi. Alikuwa na desturi ya wachambuzi wa kizamani, wale waliookota meno kwa mkono kabla mitambo haijazaliwa: kuchukua jino moja kutoka kila trei na kulitazama mwenyewe. Alilowesha ncha ya brashi kwa ulimi, akagusa jino la papa, likanata, akaliweka chini ya hadubini. Jeusi, linang'aa, kingo zake kama msumeno. Sawa. La taa, sawa. Kisha akachovya brashi kwenye trei ya changu.

Jino lililonata lilikuwa kubwa, kiasi cha punje ya hindi, na jeupe, halijageuka jiwe. Pepeto usingeweza kujua kwamba ni jeupe, kwa sababu miale haioni rangi. Changu ana magego ya mviringo ya kusagia kome. Aliyewahi kula kichwa chake anayajua. Lakini gego la changu ni kama kitufe, halina mizizi mirefu. Hili lilikuwa na mizizi mitatu iliyopanuka, na juu yake vilima vidogo vya kutafunia. Lilikuwa gego la mtu. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na Pepeto ulilelewa na yeye. Aliufundisha samaki tu. Mtambo usiojua mtu, kila jino litakuwa la samaki.

Alimwita Injinia Chipunde, mkuu wa ujenzi. Akaja akiwa na kofia yake mkononi, akainama kwenye hadubini, akacheka kidogo.

"Dada Somoe, umenishtua bure. Hili ni jino la utoto."

"Ndiyo, Injinia. La mtoto."

"Sasa ajabu iko wapi? Wewe mwenyewe hukurusha jino juu ya paa lilipong'oka? Ukaliomba jua likupe jipya? Chikole kulikuwa na mapaa mangapi? Yameanguka na meno yake. Andika kwamba ni takataka za mapaa, utoe idhini, tumalize."

Ilikuwa hoja nzuri. Somoe alitamani kuishika. Alikwenda kwenye trei ya changu, akachota meno mengine kwa brashi, moja baada ya jingine, akayapanga chini ya hadubini. 

"Tazama tena, Injinia. Jino la utoto linapong'oka lenyewe, linakuwa limekwisha kuliwa mizizi na jino jipya linalopanda. Linalorushwa juu ya paa ni kofia tupu. Haya yana mizizi mizima. Haya hayakung'oka. Yalikuwa bado kinywani."

Chipunde hakuinama kutazama. Alikaa kwenye kiti cha karibu.

"Walihamishwa," alisema.

"Nani aliwaona?"

"Dada, nisikilize. Bamvua kubwa linakuja mwezi ukikamilika. Ukuta una pengo, na udongo wa kuliziba uko Chikole peke yake. Ukinyima idhini leo, maji yatapita pale, yaingie mitaa yote ya chini. Unataka kuua walio hai kwa ajili ya waliokwisha kufa?"

Somoe alilia bila kujificha. Aliwaza Shamte na Siwema, akawaza maelfu waliolala mitaa ya chini, na kwa muda hakujua awachague akina nani. Hatimaye alijifuta uso kwa ncha ya mtandio.

"Idhini sitoi," alisema. "Sitajenga ukuta kwa watoto. Siku za kujiokoa bado zipo. Wapandisheni watu wa mitaa ya chini, wapelekeni bara, mpaka udongo mwingine upatikane. Toeni zile mashua."

Chipunde aliizungusha kofia mikononi, akaizungusha tena. Nje, bomba liliendelea kufyonza.

"Mashua gani, dada?" alisema polepole.

"Zilizowachukua watu wa Chikole."

Chipunde alimtazama kwa mara ya kwanza tangu aingie.

"Hazijawahi kuwapo."